Bolero sebuleni: KEF LS50 Meta na muziki wa okestra

Bolero, kipande cha okestra cha mtunzi Mfaransa Maurice Ravel kilichopigwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1928, huanza na ngoma ndogo inayogongwa kwa sauti ya chini mno, na kwa takribani dakika 15 haifanyi jambo jingine ila kupanda. Ndiyo niliyoitumia kuzipima spika hizi za KEF LS50 Meta. Ukishaweka sauti kiasi cha kuisikia ngoma ile ya mwanzo, huruhusiwi kugusa kitufe tena hadi mwisho, na ni katika kupanda huko chombo dhaifu hujulikana. Sabufa tulizozizoea majumbani hutengenezwa kwa ajili ya kishindo kisichopungua. Okestra hudai pia mnong'ono.

KEF ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1961. Ilitoa LS50 ya kwanza mwaka 2012 na hii ya Meta mwaka 2020, kwa pauni 999 jozi moja, bila kuhesabu usafiri na ushuru. Kila spika ina uzito wa kilo 7.8, na ukiitazama utadhani ina koni moja tu, kwa kuwa kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kimepachikwa katikati ya koni ya milimita 130, na nyuma yake kuna kisahani chenye vijia vilivyopindapinda vinavyomeza sauti inayorudi nyuma. Faida yake niliisikia pale baragumu, selesta (kinanda kidogo chenye mlio wa kengele) na filimbi mbili ndogo zinapopiga wimbo uleule kwa viwango tofauti, kiasi kwamba sikio hudhani ni chombo kimoja kigeni. Hapa zilishikamana hivyo hivyo, bila filimbi kuruka juu na baragumu kubaki chini.

Takwimu ya kuangaliwa kabla ya kulipa ni desibeli 85, yaani kiwango cha sauti kinachopatikana umbali wa mita moja spika ikipewa wati moja. Kila desibeli 10 za ziada hudai nguvu mara kumi, hivyo desibeli 105, ambazo si ajabu katika kilele cha okestra, zinahitaji wati 100, na hicho ndicho kikomo kinachopendekezwa na watengenezaji wenyewe. Amplifaya yangu ya kwanza, niliyoinunua mtumba kwa kusikia sifa tu, ilikuwa na wati 30, na katika dakika za mwisho za Bolero tarumbeta zilikwaruza kama msasa. Niliibadilisha.

Chumba ndicho kilichonisumbua zaidi. Sebule yangu, kama nyingi za Dar es Salaam, ni tofali za saruji, vigae sakafuni na vioo madirishani. Ukipiga kofi moja unarudishiwa matatu. Siku ya kwanza fidla zilisikika kama zimefungiwa bafuni. Zulia nene kati ya kiti na spika, mapazia mazito na rafu ya vitabu kwenye ukuta wa nyuma vilibadilisha sauti kuliko amplifaya mpya ilivyofanya, tena kwa fedha kidogo.

Ukaidi ukabaki kwenye besi. Ile besi kubwa ya nyuzi, ambayo mashabiki wa taarab asilia ya Unguja wanaifahamu vizuri, hushuka hadi noti ya E yenye hezi 41 (yaani mitetemo 41 kwa sekunde), ilhali LS50 Meta huanza kufifia chini ya hezi 79, jambo lisiloepukika kwa kisanduku kidogo namna hii. Niliongeza sabufa ya kujitegemea inayopokea kila kilicho chini ya hezi 80, nikapata mvumo: E ikipigwa, sahani kabatini zinaitikia. Nikachukua tepu ya fundi. Chumba kina urefu wa mita 4.2, na wimbi la hezi 41 lina takribani mita 8.4, maradufu ya chumba, kwa hiyo noti ile huenda na kurudi kati ya kuta mbili ikijikuza, na hukua zaidi karibu na ukuta, mahali hasa nilipokuwa nimeegemeza kiti. Nilikisogeza kiti mbele sentimita 90, nikaitoa sabufa kwenye kona na kuiweka theluthi moja ya urefu wa chumba, na sahani zikanyamaza.

Ningezipendekeza kwa mwenye chumba cha ukubwa huu anayekaa ndani ya mita mbili na nusu kutoka kwenye spika, mradi atenge bajeti ya amplifaya yenye nguvu na ya zulia. Mwenye sebule pana inayoungana na sehemu ya kulia chakula atafute spika ndefu za kusimama sakafuni.

Feni ya dari bado sijaipatia dawa, kwani inaifunika kabisa ngoma ya mwanzo. Huizima feni hiyo Bolero inapoanza, nikavumilia jasho, kisha huiwasha karibu na katikati, tromboni inapochukua zamu yake. Kuanzia hapo haisikiki.