Tathmini ya Huduma: Kliniki ya Watoto Iliyonipokea na Tetekuwanga Nikiwa na Miaka 39

Kliniki ninayoitathmini iko ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya nguo, upande wa Umoja jijini Nairobi, na imewahudumia watoto wangu wawili tangu kifungua mimba alipokuwa akipelekwa kupimwa uzani. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuyawasilisha kwa wenyewe kwa maandishi. Nilifika pale mara mbili katika muda wa siku 16, mara ya kwanza nikiwa mzazi na mara ya pili nikiwa mgonjwa, na huduma nilizopata hazikufanana hata kidogo.

Mara ya kwanza nilimpeleka binti yangu mwenye umri wa miaka 6, baada ya mwalimu wake kunipigia simu saa tano asubuhi kunieleza kwamba ametokwa na vipele tumboni. Mhudumu wa mapokezi alimwinua mtoto fulana, akatazama mara moja tu, kisha akatupeleka katika chumba cha pembeni badala ya kutuketisha kwenye benchi pamoja na akina mama wenye vichanga. Hatua hiyo naisifu bila kusita, maana virusi vya tetekuwanga husambaa kwa njia ya hewa na si lazima mtu amguse mgonjwa ndipo aambukizwe. Tabibu alinionyesha mgongoni mwa mtoto vipele vyekundu vilivyokuwa ndiyo kwanza vinachomoza, malengelenge yenye maji maangavu kama matone ya umande, na mengine yaliyokwisha kuanza kufanya magaga, yote kwa wakati mmoja. Akanieleza kwamba mchanganyiko huo ndio unaoitofautisha tetekuwanga na surua, ambayo hutanguliwa na kikohozi na macho mekundu, na vipele vyake huanzia usoni vikishuka mwilini bila kujaa maji.

Alituandikia parasetamoli ya maji na dawa ya kupaka ya kalamaini, akasisitiza kucha zikatwe, na akatukataza kabisa kumpa mtoto aspirini, kwa kuwa kwa mtoto mwenye tetekuwanga dawa hiyo yaweza kuleta ugonjwa hatari wa ubongo na ini. Ibuprofeni pia aliikataza. Mtoto angekaa nyumbani mpaka malengelenge yote yakauke. Tulilipa shilingi 1,000 za kumwona tabibu, na iwapo ningeandika tathmini yangu jioni ile, ningewapa alama zote.

Sikuwa nimetambua kwamba kuna swali moja ambalo hakuna aliyeniuliza: je, wewe mzazi uliwahi kuugua tetekuwanga?

Mke wangu ana kovu la utotoni juu ya nyusi, kwa hiyo kwake jibu lilikuwa wazi. Mimi niliishi miaka yote nikiamini kwamba niliugua, mpaka nilipompigia mama yangu simu huko Wundanyi, naye akacheka na kunikumbusha kwamba aliyeugua ni kaka yangu, na kwamba mimi mwezi ule nilikuwa nimepelekwa kwa nyanya. Lau ningeulizwa mapema, simu hiyo ningeipiga nikiwa bado pale kliniki. Chanjo ya tetekuwanga ipo. Ilibuniwa Japani na daktari Michiaki Takahashi katika miaka ya 1970, na ingawa haimo katika ratiba ya chanjo ambazo serikali yetu huwapa watoto bila malipo, hupatikana kwa kununua katika vituo vya binafsi. Mtu asiye na kinga akichanjwa ndani ya siku 3, au hata 5, tangu kukutana na virusi, huenda asiugue au akaugua kwa nafuu. Nakubali kwamba muda ulikuwa mfupi, kwa sababu mtoto huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutokea. Hata hivyo swali lile halina gharama, na katika nchi za joto kama yetu, ambako watu wengi zaidi hufikia utu uzima bila kuupata ugonjwa huu kuliko ilivyo katika nchi za baridi, halifai kurukwa. Fikiria kama mzazi aliyemleta mtoto siku ile angekuwa mama mjamzito.

Siku ya 15 mgongo ulianza kuniuma na homa ikapanda, nikadhani ni uchovu wa kazi. Alfajiri yake nilikuta malengelenge matatu kwenye paji la uso, karibu na nywele, na kufikia saa nne yalikuwa yamesambaa kifuani, kichwani na hata kooni, kiasi kwamba kumeza chai kulikuwa adhabu. Tetekuwanga kwa mtu mzima ni kali kuliko kwa mtoto na yaweza kushuka hadi kwenye mapafu. Binti yangu, aliyekuwa amepona kabisa, alijitolea kuhesabu yaliyo mgongoni kwa kuyagusa na ncha ya kalamu iliyofunikwa. Alifika 84, akachanganyikiwa, akataka kuanza upya, nikamsihi aniache.

Basi nikapanda ngazi zilezile. Mhudumu wa mapokezi alinikaribisha kwa uchangamfu, akachungulia nyuma yangu na kuuliza, "Baba Zawadi, leo mtoto yuko wapi?" Nilipomjibu kwamba mgonjwa ni mimi, alicheka, nami nilicheka, lakini baada ya kicheko chumba cha pembeni kilisahaulika. Niliambiwa nisubiri kwenye benchi, katikati ya watoto wachanga, huku ninaambukiza. Nilitoka mwenyewe nikasimama penye ngazi kwa dakika 50. Tabibu yuleyule aliyekuwa makini sana kwa binti yangu aliniandikia dawa zilezile, parasetamoli na kalamaini, akaniambia kwamba huo ni ugonjwa wa watoto na utapita. Kifua changu hakukisikiliza. Wala hakuuliza vipele vimeanza lini.

Aliyeuliza ni mfamasia wa kemisti iliyo chini ya jengo hilohilo, mwanamke mtulivu ambaye cheti chake cha Bodi ya Famasia na Sumu kinaning'inia ukutani, mahali ambapo mteja anaweza kukisoma. Kabla ya kupokea pesa zangu alitaka kujua lengelenge la kwanza lilitokea saa ngapi, kama ninakohoa au kuishiwa na pumzi, kama ninavuta sigara, kama nina matatizo ya figo, na kama nyumbani kuna mwenye mimba. Akanieleza kwamba ipo dawa ya kupunguza makali ya virusi, asiklovia, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu vipele kutokea, ila asingeniuzia bila maandishi ya daktari. Akainua simu akampigia tabibu juu, wakazungumza kwa adabu, na baada ya muda mfupi karatasi ikashuka: miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7, pamoja na maji mengi ya kunywa. Vipele vipya viliacha kuchomoza siku ya nne. Kwa mazungumzo hayo mfamasia hakunitoza hata shilingi moja.

Kuhusu kalamaini yenyewe, inafaa kusema machache. Chupa isipotikiswa vizuri hutoa maji matupu, na unga wa waridi hubaki chini. Ikishakauka mwilini hupasukapasuka kama tope la kidimbwi wakati wa kiangazi, ikadondoka kwenye shuka. Hupoza mwasho kwa muda tu. Chupa iliyomtosha binti yangu wiki nzima mimi niliimaliza kwa siku mbili, kwa hiyo mtu mzima anunue tatu kwa mpigo na asitume mtu dukani kila jioni. Mama mkwe alileta majani ya mwarobaini ya kuogea, na maji yake yalinipoza vizuri, ingawa nashuku kwamba maji yoyote ya uvuguvugu yangenipoza vivyo hivyo.

Lililoniudhi zaidi ni cheti cha kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili kila mwaka, mradi awe na cheti cha mhudumu wa afya aliyehitimu. Cheti nilichopewa kilikuwa fomu iliyokwisha kuchapwa, yenye siku tatu, na chini yake imeandikwa kwamba mwanafunzi aliyetajwa hapo juu anaruhusiwa kurejea shuleni. Afisa wa utumishi kazini aliisoma kupitia picha ya simu, akaniuliza niko gredi ya ngapi. Isitoshe, siku tatu hazitoshi, kwa kuwa mgonjwa huendelea kuambukiza hadi lengelenge la mwisho lifanye gaga. Kwa haki yao, mke wangu aliporudi pale waliandika kingine kwa mkono, cha siku 7, bila malipo, na wakaipokea barua yangu ya malalamiko kwa mikono miwili.

Siku tano baadaye mdogo wake Zawadi, mwenye umri wa miaka 3, naye alitokwa na vipele. Mke wangu anasema kwamba mhudumu wa mapokezi aliwaingiza katika chumba cha pembeni na, kabla hata ya kumpima mtoto uzani, akauliza kama nyumbani kuna mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga. Mama Zawadi akamjibu kwamba huyo aliyempakata ndiye alikuwa wa mwisho.