Uzoefu wangu: jioni ya kadi za maswali Mikocheni, na mama aliyekatazwa kuruka swali

Nianze na yule MC, maana bila yeye leo ningekuwa naandika sifa tupu. Wengi mmeniuliza hizi jioni za kadi za maswali Mikocheni zikoje, na kama kiingilio cha elfu thelathini kinalipa. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema nendeni. Sasa hasira haijanitoka, kwa hiyo nivumilieni.

Kwa asiyejua: mnakaa wawili wawili, kadi ziko mezani, unavuta moja, unajibu swali lililoandikwa, mwenzio naye analijibu hilohilo. Hakuna mshindi. Habari za ukumbi na vinywaji mtaziona kwenye picha zao.

Baada ya chakula tukaambiwa tuache meza tukae duara, watu wote, maiki moja, na MC ndiye anachagua nani ajibu. Kadi ya kwanza ikamwangukia mama mmoja wa rika la mama yangu mzazi, aliyekaa na mkoba mapajani. Swali lilisema: ni nani hujamsamehe mpaka leo, na kwa nini? Mama akalisoma kimya, akailaza kadi kifudifudi juu ya mkoba, akasema kwa upole kabisa, "Hili naomba niliruke, mwanangu."

MC akamsogezea maiki hadi karibu na mdomo. "Hapa haturuki, mama. Umelipia kufunguka. Usituharibie vaibu."

Watu wakacheka. Si wote, ila waliocheka walitosha. Mama akarudia ombi lake, sauti ikiwa chini zaidi. Yule kijana akaanza kuhesabu: tano, nne, tatu, na baadhi ya watu wakahesabu pamoja naye. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anahesabiwa kama mtoto aliyegoma kula! Hakumpa hata shikamoo tangu aingie, nilikuwa karibu na mlango nikaona.

Nikasimama nikamwambia, "Kaka, lijibu wewe kwanza."

"Mimi ni mwongozaji, dada. Sishiriki."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jioni nzima hakujibu swali hata moja. Alizunguka amesimama, anachukua ya watu, ya kwake amefungia.

Na wanaoendesha biashara hii hawawezi kusema hawajui, kwa sababu kwenye tangazo lao wenyewe wanajinadi kwa yale maswali 36 ya Arthur Aron. Haya, tuyaseme basi. Aron ni mwanasaikolojia wa Marekani, na utafiti wake na wenzake ulitoka mwaka 1997. Walikalisha watu wasiojuana wawili wawili, kwa muda wa kama dakika 45, na maswali yakiwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni jepesi, ungependa kumwalika nani chakula cha jioni na mambo ya namna hiyo, kisha yanazama taratibu. Na wote wawili wanajibu, kila swali. Walioulizana hivyo walimaliza wakijihisi karibu zaidi kuliko waliopewa maswali ya kupigia soga tu. Hakuna popote palipoandikwa shika maiki umwekee mama wa watu mbele ya umati. Ukiondoa zamu, ukaondoa ngazi, kinachobaki ni mahojiano ya polisi.

Wala hatukuhitaji Mmarekani atufundishe hili. Bibi zetu walipotutegea vitendawili, aliyeshindwa aliombwa mji. Anautoa, mtegaji anajitapa kidogo kwamba amefika huko, anatoa jibu, mchezo unaendelea. Hata mtoto wa darasa la pili alikuwa na mlango wa kutokea bila kudhalilika. Mikocheni, kwa elfu thelathini, mlango huo haukuwepo.

Mama akainuka, akaiacha kadi kitini, akatoka. Nikamfuata nje. Tulisimama barabarani tukisubiri bajaji, na alichosema ni kwamba tiketi alinunuliwa na binti yake aliyeko Mwanza, ili asikae ndani peke yake tangu afiwe na baba yao. Sikumuuliza zaidi. Tukapeana namba.

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni ya pilau.

Hapana, nisidhulumu. Kabla ya duara nilikaa meza moja na muuguzi wa Temeke ambaye sijawahi kumwona maishani. Tulivuta kadi inayouliza ni harufu gani inakurudisha utotoni. Akasema dizeli. Baba yake aliendesha lori la Tunduma, na yeye akiamka usiku alikuwa ananusa koti lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango ili ajue kama baba amerudi. Mimi nikasema mafuta ya taa, koroboi ya bibi yangu Muheza. Akaniuliza, "Bibi alikuwa anafanya nini na hiyo taa usiku?" Swali hilo halikuwa kwenye kadi. Bibi alikuwa akisuka ukili, na sijawahi kumweleza mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Tuliongea mpaka chai ikapoa, na kadi nyingine hatukuigusa. Dar hii tunabanana kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni bega kwa bega, na mtu hujui hata jina la aliyekuegemea. Kile kilichotokea pale mezani ni kitu cha thamani, na nitakitetea mbele ya yeyote.

Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa hivi. Kama kadi zingekuwa mbovu ningenyamaza nikaenda zangu.

Niliwaandikia WhatsApp siku chache baadaye. Wakajibu poleni kwa usumbufu, tunawakaribisha tena kwa punguzo. Punguzo! Nikauliza kuhusu mama: atapigiwa simu? Atarudishiwa hela yake? Tiki mbili za bluu, kimya mpaka naandika hapa.

Ukiniuliza uende au usiende, leo nasema usiende. Wakimwondoa yule kijana, au wakimkalisha naye ajibu, na wakaruhusu mtu kuruka swali bila kuulizwa kwa nini, nitabadilisha maneno haya hapahapa. Wakati huohuo mimi na muuguzi tumekubaliana kukutana kwake na wenzetu wachache. Maswali tutayaandika wenyewe kwenye karatasi za daftari, na anayeuliza ndiye anaanza kujibu. Mama nimempigia kumwalika. Amesema ataangalia.