Duka la konokono wa bahari pale Ntinda, nimelikagua nawaambia

Wenye matangi ya maji chumvi ya kufugia wanyama wa bahari nyumbani hapa Kampala tuko wachache na shida zetu zinafanana, kubwa ni kwamba bahari iko mbali, mnyama akitoka Mombasa anakula zaidi ya kilomita 1,000 za barabara ndani ya mfuko wa plastiki, foleni ya malori mpakani na joto juu yake, alafu akifika dukani anatupwa kwenye kioo na wewe unaambiwa ni mzima. Samaki akiumwa utaona anapumua mbiombio au anajisugua kwenye mawe. Konokono akifa anabaki palepale na gamba lake zuri, unalipa unabeba maiti mpaka nyumbani, na maiti hiyo inakuozea ndani ya tangi, amonia, ile sumu ya uozo, inapanda, hata waliokuwa wazima wanaanza kuondoka mmoja mmoja.

Sasa hili duka la Ntinda kitu nimelipendea ni kwamba yule kijana anayeuza hakukatazi kukagua. Unamwonyesha konokono unayemtaka, anamtoa kwenye kioo mbele yako, na hapohapo ushapata jibu la kwanza maana mzima anang'ang'ania kioo mpaka unaona mkono wa kijana unavuta, mgonjwa anaachia bila ubishi. Alafu anamlaza tumbo juu kwenye bakuli lenye maji ya tangi lilelile mnasubiri. Hapo msiwe na haraka jamani. Mzima baada ya muda anatoa mguu taratibu, anaunyoosha huku na huku anatafuta pa kushika, na ukimgusa kidogo anarudi ndani na kufunga kile kifuniko chake. Mguu ukining'inia nje, umelegea, unagusa na haurudi, huyo mwache hata akupunguzie bei. Na ukiwa bado na mashaka nusa, konokono aliyekufa harufu yake huwezi kuikosa hata akiwa mmoja.

Hapa wengi naona wanachanganya. Konokono aina ya Trochus akianguka chali anajigeuza mwenyewe, lakini yule aina ya Turbo mkubwa akianguka kwenye mchanga mara nyingi hawezi hata kama afya yake ni nzuri kabisa, kwa hiyo kushindwa kujigeuza sio ugonjwa, angalia mguu. Na nyumbani uwe na tabia ya kumwinua ukimkuta chali, ukimwacha hivyo kaa watamla.

Kaa wadogo wale wanaobeba magamba ya konokono nao wako vizuri pale, wamewekewa magamba matupu ya ziada chini ya tangi na hilo nimelifurahia sana, maana wakikosa gamba la kuhamia wanaua konokono wachukue lake. Ukiona kaa yuko nje uchi bila gamba, hali ni mbaya au maji yana tatizo. Ila usishtuke ukikuta kama mzoga wa kaa umelala kwenye mchanga, kwanza uangalie kama ni mwepesi na mtupu ndani, hiyo ni ngozi ya zamani kavua, mwenyewe kajificha anasubiri mpya iwe ngumu.

Kingine cha kuwapa hongera, wanyama hawa wana maji yao peke yao, hawachangii na samaki wanaotibiwa, hata nyavu ni tofauti. Dawa nyingi za samaki wa chumvi zina shaba na shaba inaua konokono, kaa na achini (yule mnyama wa bahari mwenye miiba mwili mzima) kwa kiasi kidogo tu, tena inajificha kwenye mawe na gundi ya kioo inaachia polepole baadaye. Duka likikwepa swali la shaba, toka.

Lakini achini sikununua na siwashauri mnunue pale kwa sasa. Achini mzima miiba yake imesimama, ukisogeza kidole inageukia upande huo, na vile vimiguu vyake vyembamba vimeshika kioo kabisa. Wa pale miiba ilikuwa imelala, mingine imedondoka chini ya tangi na mmoja ana sehemu yenye upara. Kijana ananiambia "amechoka na safari tu ssebo" (yaani bwana), mimi naona ni njaa, tangi ni jeupe pee halina ukoga hata wa dawa, na mnyama huyu kazi yake ni kula mwani mchana na usiku. Nilimwambia awafungie kwenye jiwe mwani mkavu ule wa kufungia sushi. Alikubali, ila kukubali na kufanya ni vitu viwili.

Na kile kibao cha konokono aina ya Nassarius kilichoandikwa "anasafisha ukoga" wakibadilishe! Yule anakula mabaki ya nyama na chakula cha samaki, ukoga wako hataugusa, mtu atanunua kumi na kioo kibaki kijani.

Bei iko juu, Turbo mmoja shilingi 35,000, lakini kwa mnyama niliyemwona akiwa hai mbele yangu nalipa bila kulalamika. Kabla hujatoka uliza chumvi ya maji yao ni ngapi, mimi nilipopima kwa rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, ilikuwa 1.022 na tangi langu liko 1.025, tofauti hiyo ukimtumbukiza ghafla inaweza kumuua konokono hata kama alikuwa mzima kabisa dukani. Dondoshea maji yako tone kwa tone kwa kampira kembamba, saa nzima au zaidi, wala usijali akijifungia siku ya kwanza.

Nendeni jioni. Konokono aina ya Ceriti na wenzake wengi wanatembea giza likiingia, mwambie kijana azime taa ya tangi kidogo kabla hujachagua, hakatai, alafu chukua wale wanaotembea.