Masta ya astrofizikia na kosmolojia pale Cape Town: maoni yangu kwa anayefikiria kwenda

Tangu nirudi Dar nimeulizwa sana hii kozi ikoje na kama inafaa mtu kuacha kazi ya kufundisha fizikia akaifuata, basi leo nasema yote niliyoyaona. Kozi yenyewe inaitwa NASSP, kirefu chake National Astrophysics and Space Science Programme, ilianza 2003, na mimi nimeisomea UCT, yaani Chuo Kikuu cha Cape Town. Jibu langu la haraka ni kwamba kama unataka kushika data ya anga kwa mikono yako mwenyewe, nenda, tena nenda mapema. Ila kama unachopenda ni stori za mashimo meusi tu utachoka, maana muda mwingi utakuwa unapambana na terminali ya Linux, dirisha la kuiamuru kompyuta kwa kuandika, saa saba usiku.

Kitu cha kwanza ambacho wengi wetu hatukijui: Afrika Kusini digrii ya kwanza ya sayansi kwa kawaida ni miaka mitatu, halafu kuna mwaka mzima wa honasi kabla ya masta. Mimi na BSc yangu ya miaka mitatu nilipangiwa kuanzia honasi, kwa hiyo hesabu yangu ya miaka miwili ikawa mitatu na nyumbani ikabidi nieleze upya kwa nini sirudi. Nilikasirika wiki ya kwanza, lakini kwa kweli ule mwaka ndio ulioniokoa, bila huo nisingeiweza masta.

Kilichonipa tabu haikuwa fizikia. Chuo nilichotoka programu tuliisoma kwa mitihani, tunaandika msimbo wa kompyuta kwenye karatasi na kalamu, sasa nafika huku asaimenti ya kwanza tunapewa faili lenye vipimo vya mwanga wa maelfu ya nyota tunaambiwa chora, safisha, tafuta zinazobadilika, leta Ijumaa. Wenzangu walimaliza siku mbili, mimi siku mbili nilikuwa bado natafuta kwa nini Python, lugha ya programu tuliyotumia, haioni faili langu. Kwa hiyo ndugu yangu kama unaapulai mwaka huu, usianze kukariri milinganyo ya Einstein, hiyo utafundishwa, anza Python leo, jifunze numpy na matplotlib, zana zake za hesabu na za kuchora grafu, mpaka vidole vizoee.

Sasa nije Sutherland, kwenye kituo cha darubini, hapo ndipo kozi hii inazishinda nyingi za Ulaya ambazo mwanafunzi anamaliza bila kugusa darubini kubwa hata siku moja. Ni mji mdogo kwenye nyika kame ya Karoo, kama kilomita 370 kutoka Cape Town, na kituo kiko juu ya kilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Pale ndipo ilipo SALT, darubini kubwa yenye kioo kilichounganishwa kwa vipande 91, ila sisi wanafunzi tulipewa yenye kioo cha mita 1.9 na ni sawa tu, kwa sababu hii unaiendesha mwenyewe. Unafungua kuba, lile paa la duara, unaielekeza darubini kwenye nyota, unasubiri dakika kumi, halafu mwanga unakuja umepasuliwa kuwa utepe wenye mistari myeusi, na unajua huu mstari ni haidrojeni, ule ni kalsiamu. Nilikuwa nimeiona kwenye vitabu miaka yote, lakini ile picha niliyoipiga mimi, yenye alama za miali ya kosmiki, chembe za kutoka angani, ambazo nilizifuta moja moja, niliiangalia muda mrefu sana.

Mwezi wa sita usiku wa manane katikati ya Njia Nyeupe iko utosini kabisa, na giza la pale ni giza kweli, huoni hata mkono wako. Kukaribia alfajiri tukatoka nje na mwenzangu Mxhosa, akaninyoshea kidole kaskazini mashariki chini kwenye upeo akasema kile kikundi cha nyota ni isiLimela, kwao wazee walihesabu mwaka mpya ikichomoza. Mimi nikamwambia kwetu ni Kilimia, bibi yangu alikuwa anaifuatilia kwa ajili ya mvua. Neno lile lile, kulima kule kule, watu wa pwani yetu na watu wa Eastern Cape. Tulisimama pale kwenye baridi mpaka watu wa operesheni wakatuita kuwa unyevu umepanda, kuba lifungwe.

Darasani, somo lililonishika ni kosmolojia, elimu ya ulimwengu mzima na chanzo chake. UCT wana historia yake, George Ellis aliyefanya kazi na Stephen Hawking alifundisha pale miaka mingi. Kuna wiki tulipewa swali moja tu, ulimwengu unatanuka kwa kasi gani, kundi moja likatumia mnururisho wa kale wa mikrowevu, mabaki ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu, likapata karibu 67, kundi letu likatumia supanova, yaani nyota zinazolipuka, na nyota za Cepheid ambazo mwanga wake hubadilika kwa mpangilio, tukapata karibu 73, kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, kipimo cha umbali wa angani, na ukiangalia mipaka ya makosa hazikutani. Nikadhani tumekosea. Kumbe ndivyo ilivyo duniani kote, wakubwa wenyewe bado wanabishana, na hapo nikaelewa kuwa hii fani haijafungwa, kuna nafasi ya mtu kuingia.

Tasnifu yangu nilitumia data ya MeerKAT, darubini ya redio, zile dishi 64 za mita 13.5 kila moja huko Northern Cape. Usitegemee kwenda kukaa kwenye dishi, eneo lile hata simu inazimwa kulinda mawimbi, wewe unaingia kwa mbali kwenye kompyuta za ilifu, jina ambalo kwa Kixhosa ni wingu, na unafanyia kazi huko huko kwa sababu data ni kubwa mno kwa laptopu. Mimi nilikuwa nasaka haidrojeni, ile inayotoa mawimbi ya redio ya urefu wa sentimita 21, kwenye galaksi moja. Miezi mitano ni kusafisha kelele tu, satelaiti, ndege, vitu vya binadamu. Halafu siku moja grafu ikatoka na pembe mbili, upande mmoja wa galaksi unakuja kwetu na mwingine unaondoka, na ukipima kasi kutoka katikati kwenda nje haishuki kama inavyotakiwa kwa nyota unazoziona, inabaki juu tu, maana yake kuna maada ya giza, isiyoonekana, imeishikilia. Nilimpigia kaka yangu simu saa nne usiku kumwelezea.

Maisha ya huko sasa. Nyumba ndiyo balaa, dalali mmoja alichukua depoziti yangu ya mwezi mzima na chumba hakikuwepo, hela haijarudi mpaka leo, kwa hiyo usilipe kitu kabla hujakanyaga mlangoni. 2022 na 2023 umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu mara kwa mara, nikajifunza kuweka kazi zangu zijihifadhi zenyewe kila nusu saa. Ufadhili upo ila hautoshi kila kitu, nenda na akiba ya miezi miwili.

Ajira: Kenya wako kwenye nchi nane zilizoungana na Afrika Kusini kwenye SKA, mradi mkubwa wa darubini ya redio, na ile antena ya mita 32 Longonot imepangiwa kugeuzwa ya redioastronomia, Msumbiji na Zambia nao wamo. Sisi Tanzania hatumo, na linaniuma. Wenzangu watatu wanaendelea na PhD, wawili wako benki wanachakata data, na mimi nimerudi shuleni kufundisha kidato cha tano na sita huku naapulai.

Nyota nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimeikata kwa sababu ya kasi ya muhula wa kwanza, wiki mbili za kufundishwa programu kabla ya masomo zingetusaidia wengi tunaotoka huku. Na ukienda Sutherland mwezi wa sita beba koti zito na soksi mbili mbili, chumba cha kuendeshea kina joto lakini kwenye kuba hawawashi hita, hewa ya moto inatikisa picha ya nyota.