Swichi yenye kichujio cha DHCP hosteli ya Ng'ong'ona: uzoefu wangu

Nahudumia mtandao wa hosteli ya wanafunzi Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila muhula ukifunguliwa malalamiko ni yale yale: "Kaka, waifai imejaa lakini hakifunguki kitu." Ukishika simu yake unakuta anwani ya mtandao (IP) inaanza na 192.168.0, wakati ruta yetu kuu inagawa za 10.10. Ujue kuna mtu kaja na ruta yake, kachomeka waya wa ukutani upande wa LAN (wa vifaa vya ndani) badala ya WAN (wa kupokea intaneti), na sasa inagawia anwani jengo zima.

DHCP, utaratibu wa kugawia vifaa anwani vinapoingia mtandaoni, inaruhusu hilo. Kifaa kikiingia mtandaoni hakina anwani wala hakijui seva, yaani mgawaji wa anwani, iko wapi, kwa hiyo kinaulizia kote kwa mpigo: kinajiandika 0.0.0.0, kinatuma kwenda 255.255.255.255, poti ya 67. Kila seva iliyosikia inaleta ofa ya anwani, na vifaa vingi huchukua iliyotangulia kufika. Kanuni zenyewe, RFC 2131 ya mwaka 1997, hazikilazimishi kifaa kuhakiki kama aliyejibu ni mwenye nyumba au mpangaji.

Swichi hii ya matundu 24, kifaa kinachounganisha waya za vyumba vyote na ruta kuu, inaziba pengo hilo. Kwenye menyu tafuta DHCP Snooping, ndicho kichujio chenyewe, iwashe, kisha tia alama ya kuaminika kwenye tundu linaloenda ruta kuu peke yake. Ofa ikitokea tundu lingine lolote, swichi inaitupa hapo hapo.

Niliijaribu kwa makusudi. Nilichomeka ruta ya zamani chumba kimoja, upande wa LAN, nikawasha laptopu chumba cha jirani: ikapata 10.10 kama kawaida. Nikachomoa waya wa ruta kuu, ikabaki ile ya zamani tu. Laptopu ikahangaika weee, mwisho ikajipa yenyewe anwani ya 169.254, dalili kwamba hakuna jibu la seva lililoifikia. Hapo nikaridhika kabisa.

Ila kuna mambo ya kuangalia. Kichujio kinakuja kikiwa kimezimwa, na usipobonyeza kuhifadhi mipangilio, umeme ukikatika kinapotea. Vyumba vinavyochangia kiswichi cha kawaida kabla ya kufika kwenye hii havilindwi vyenyewe kwa vyenyewe, maana ofa ya jirani haipiti kwetu; nimelazimika kuvuta waya mpya kwa vyumba vya uani. Na simu iliyokwisha kuchukua anwani mbovu inaweza kuing'ang'ania hadi muda wake uishe, kwa hiyo siku ya kufunga waambie wote wazime waifai na kuiwasha upya.

Bei imezidi ya swichi ya kawaida, na mama mwenye hosteli aliguna aliposikia. Kwa hosteli, gesti au ofisi yenye vyumba vingi naipendekeza bila kusita. Nyumba ya familia moja haiihitaji. Ruta ya kawaida inatosha.