Kutopapu faundesheni iwe digrii kamili ya elimu hapa Uingereza, maoni yangu

Dada na kaka zangu mnaofanya kazi ya uasistanti mashuleni huku, mmeniuliza sana inboksi kuhusu hii kozi ya topapu, yaani ya kumalizia digrii, basi acha niandike yote hapa. Kozi ni nzuri na naipendekeza kabisa, ila ikiisha hujawa mwalimu bado, na hilo wengi wanakuja kulijua wameshalipa.

Faundesheni digrii, hizi zilizoanza England 2001 kwa ajili ya watu walioko kazini, ina krediti 240, yaani levo ya 4 na ya 5, sawa na miaka miwili ya kwanza ya chuo. Topapu ndo zile 120 za levo ya 6 zilizobaki ili upate BA, digrii kamili. Ukisoma fultaimu ni mwaka mmoja, mimi nilichukua ya jioni inayoenda miaka miwili kwa sababu mchana niko na watoto wa Year 1 (miaka 5 hadi 6) na siwezi kuacha mshahara.

Moduli za kawaida sina la kusema sana, zinapita. Utamu wote uko kwenye disatesheni, ule utafiti mrefu unaouandika mwishoni. Mimi niliandika kuhusu watoto wanaoingia darasani hawajui Kiingereza, anakaa kimya wiki kwa wiki wengine hata miezi, watu wazima wanaanza kunong'ona huyu ana shida, kumbe mtoto anasikiliza anakusanya maneno, na kile kimya ni hatua inayojulikana vizuri tu kwenye kujifunza lugha ya pili. Hawa watoto nimekuwa nao miaka, nilikuwa naona kabisa kuwa hawana tatizo lakini sikuwa na namna ya kumweleza mwalimu wa darasa akanisikiliza. Sasa ninayo. Na mama wa Kikongo au wa Kisomali akiniuliza getini aache lugha ya nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza, namwambia asiache hata siku moja, na naweza kumwambia kwa nini. Kwa hilo peke yake nimeridhika na kozi.

Kilichoniudhi ni supavaiza wangu, mwalimu anayesimamia disatesheni, kuondoka katikati ya mwaka na chuo kuchelewa kunipa mwingine, na fomu ya ethiksi, ile ya kuomba ruhusa ya kufanya utafiti na watu, ikakaa mezani kwa mtu. Bila ile fomu kupitishwa huruhusiwi kukusanya chochote darasani, wala barua za idhini kwa wazazi huwezi kutuma, kwa hivyo mtakaoanza ipelekeni mapema mno.

Sasa ualimu wenyewe. Kufundisha kama mwalimu kamili kwenye shule nyingi za serikali England unahitaji QTS, yaani hadhi rasmi ya mwalimu aliyehitimu, na topapu nyingi haziitoi. Baada ya digrii unatafuta PGCE (kozi ya ualimu ya baada ya digrii) au mafunzo ya shuleni, kawaida mwaka mwingine. Huko watataka GCSE (mtihani wa sekondari wa huku) gredi 4 ya Kiingereza na hesabu, na praimari wanaongeza sayansi. Kama una KCSE ya Kenya au cheti cha kidato cha nne uliza kabla kama wanakikubali, mara nyingi wataomba barua ya UK ENIC, wale wanaolinganisha vyeti vya nje na vya huku.

Hela: kwa 2025/26 kikomo cha ada ya fultaimu England kilikuwa pauni 9,535. Mkopo wa serikali upo kwa wenye vigezo vya ukaazi, na kwa walioanza digrii tangu Agosti 2023 unakatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Ila una riba, na najua wengi wetu Waislamu hapo ndo tunakwama. Sheria ya 2017 iliipa serikali uwezo wa kuleta mkopo usio na riba, mpaka naandika hivi haujaanza wallahi, na inauma kuona kina dada wenye akili wanaachia hapo. Mimi nililipa kwa instolmenti za kila mwezi, chuo kilikubali kwa sababu niliomba kabla ya kujiandikisha, mwenzangu aliyeomba baadaye alikataliwa.