Seti ya mipira ya kukarabati RPZ ya inchi 1: uzoefu wangu

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu karatasi ya maelekezo haionyeshi springi ipi inakaa wapi, na hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea.

Seti hii ni ya kiwandani, ya kizuia maji kurudi kwenye bomba kuu cha aina ya RPZ, kile chenye cheki valvu mbili (zinazopitisha maji upande mmoja tu) na valvu ya kutema maji katikati yake. Hapa Texas utavikuta kwenye mifumo ya kumwagilia bustani, kliniki na sehemu za kuoshea magari, na anayevipima lazima awe na leseni ya TCEQ, tume ya mazingira ya jimbo. Ndani ya boksi kuna visahani viwili vya mpira, oringi za vifuniko, diaframu ya valvu ya kutema, kisahani chake kidogo, oringi za shina lake na kipakiti cha grisi. Springi hazimo, siti (pete ambazo visahani hukalia ili kuziba) hazimo. Kama kifaa chako kiliwahi kugandishwa na baridi, kama vilivyogandishwa vingi ile Februari 2021, agiza seti kamili yenye siti. Mpira mpya ukikaa juu ya siti iliyopasuka, umetupa hela.

Mpira wenyewe ni mzuri: unene sawa pande zote, uso laini. Nilijaribu pia seti ya bei nafuu isiyo ya kiwandani. Kisahani chake kilikuwa chembamba kidogo, skrubu ya katikati ikafika mwisho kabla haijakibana, kikawa kinazunguka kwenye kishikio. Cheki ya kwanza haikushika.

Kabla hujafungua chochote, jua kinachovuja. Kifaa kikitiririsha maji chini wakati hakuna anayetumia maji, funga valvu ya upande wa nyumba. Yakikoma, cheki ya pili inavuja na presha inarudi kutoka ndani. Yakiendelea, fungua koki ya kupimia ya 4 (ya mwisho, upande wa nyumba) maji yapite. Yakikoma sasa, tatizo ni cheki ya kwanza. Yasipokoma, ni valvu ya kutema yenyewe: diaframu, siti, au kitundu kinachoipelekea presha kimeziba. Kinachotema mara mojamoja tu mara nyingi ni kizima, presha ya barabarani ndiyo inayopanda na kushuka.

Funga upande wa nyumba, kisha upande wa mita, halafu fungua koki za 2, 3 na 4 mpaka zikauke. Kifuniko cha cheki ya kwanza kina springi yenye nguvu inayokisukuma, kwa hiyo skrubu za mwisho zilegeze kwa zamu huku umekikandamiza kwa kiganja. Kila springi iweke pamoja na kifuniko chake. Ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Ukizichanganya, ya moja ukaiweka mahali pa nyingine, tofauti ya presha kwenye cheki ya kwanza inashuka chini ya kile kiwango ambacho valvu ya kutema hufunguka, na maji yatamwagika mfululizo hata kama mipira yote ni mipya. Hapo fundi analaumu seti bure.

Kitoe kisahani cha zamani ukiangalie kwenye mwanga. Siti huacha alama ya duara kwenye mpira. Duara likiwa na kishimo mahali pamoja, kokoto au mchanga ulibanwa pale. Mpira ukiacha weusi kwenye kidole kama masizi, umeliwa na dawa ya maji, hasa kloramini, na vya ndani vyote vibadilishwe siku hiyohiyo.

Siti ipitishie ukucha. Ukikwama hata kidogo, haifai. Usiikwangue kwa bisibisi, tumia kitambaa. Kisha, kabla ya kuweka kipya chochote, fungua valvu ya upande wa mita taratibu usukume uchafu nje kupitia pale ulipofungua. Hatua hii wengi wanairuka, na mchanga uleule unakuja kukaa kwenye mpira mpya. Grisi iwe ya silikoni inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa, tena kidogo, kwenye oringi tu na si kwenye uso wa kisahani. Grisi ya petroli huuvimbisha mpira wa EPDM.

Kaza skrubu kwa mkingamo, rudisha maji polepole (ukifungua kwa ghafla oringi inaweza kutoka kwenye mfereji wake), toa hewa kwenye koki zote, kisha pima upya kwa geji. Valvu ya kutema lazima ifunguke kabla tofauti ya presha haijashuka chini ya 2 psi (pauni kwa inchi ya mraba). Cheki ya pili ishike kabisa dhidi ya presha inayorudi. Kwenye cheki ya kwanza nataka 5 psi au zaidi, tena ipite ile ya valvu ya kutema kwa angalau 3. Ikisoma 5.2 na sindano inashuka taratibu, usiandike 5.2. Fungua tena kifuniko, kuna chembe kwenye siti.